Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Siku ile Shangazi Uwimbabazi alifagia uwanja mpaka kuku wakakosa mahali pa kuweka mguu. Alipokosa vumbi la kufagia, akamgeukia Emérita.

"Utavaa ile kitenge ya maua? Ile inaonyesha tumbo."

"Shangazi, mimi sina tumbo."

"Nimesema inaonyesha. Sikusema uko nayo."

Emérita akacheka, akaendelea kufunga kitenge chake cha maua mbele ya kioo kilichopasuka. Alijua neno lile linatoka wapi. Miezi ya nyuma, alipoanza kumeza vidonge vyake, tumbo lilimsumbua majuma ya kwanza. Kila asubuhi alikuwa anakimbilia nyuma ya nyumba, mkono mdomoni. Shangazi alimwona, akanyamaza, akashuka mjini Sake kununua uzi, akaanza kufuma kofia ya mtoto. Kichefuchefu kikapita, mtoto hakuja, kofia ikabaki nusu ndani ya kapu. Tangu hapo Shangazi alikuwa anamtazama binti wa kaka yake kama mtu aliyemwibia mjukuu.

Vidonge vile havikuwa vya mimba, wala vya ugonjwa. Vilikuwa vya mapenzi, ukitaka ukweli wake.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye matope. Nzanzu, mfanyabiashara wa Butembo, alikuwa na lori la Fuso la kijani; alipakia sabuni na chumvi Sake, akapeleka mpaka Kibua, kule Walikale, akarudi na mafuta ya mawese. Msimu mmoja wa mvua Fuso likazama hapa Mushaki, mbele ya kibanda ambamo Emérita alikuwa anatengeneza jibini, fromaji kama wanavyosema watu wa Masisi. Fuso walilitoa siku ya tatu. Mwenye Fuso hajatoka mpaka leo.

Emérita alikuwa mjane. Bwana wake wa kwanza aliuawa na radi akiwa analima viazi, na tangu siku ile alikuwa amekwisha kuamini kwamba moyo wake umekauka kama fromaji ya mwaka jana. Kumbe ulikuwa unangoja mtu wa kuukata vizuri. Nzanzu alikuwa mtu wa maneno machache na kicheko cha pole, na kila akipita alinunua fromaji nyingi kuliko watu wote wa Kibua wangeweza kula.

Jioni moja ya mvua, ndani ya kabini ya Fuso, alimwambia anataka kumuoa. Kisha akamshika mkono kabla hajajibu.

"Emérita, mbele uniambie ndiyo, kuna kitu lazima ujue."

"Uko na bibi kule Kibua?"

"Hapana."

"Uliua mutu?"

"Hapana."

"Basi sema. Ile ingine yote tutaizungumuza."

Akasema. Alikuwa na virusi vya UKIMWI, tangu zamani, kabla ya kumjua. Dawa zake alikuwa anazichukua Sake, si Butembo, maana Butembo mama yake alikuwa na duka la dawa na ulimi usio na kufuli. Alisema yote bila kumtazama, akiangalia maji yakitelemka kwenye kioo. Emérita alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kitambaa alichobebea fromaji, akakata kipande, akamwekea mkononi.

"Kula. Tangu asubuhi hujakula kitu, na dawa haipendi tumbo tupu."

Nzanzu alikula huku analia, na yeye Emérita alijua pale pale kwamba amekwisha kujibu.

Walienda pamoja kwenye kituo cha afya. Emérita akapimwa, akakutwa mzima. Muuguzi akawaeleza kwamba Nzanzu akimeza dawa yake bila kuruka siku, virusi hulala, hata kipimo kinavikosa, wala havimwingii mwenzake. Lakini majibu ya damu ya Nzanzu yalikuwa bado hayajarudi kutoka maabara, na majibu yale yanatembea kama konokono. Kwa hiyo Emérita naye angeweza kumeza kidonge kimoja kila siku, cha kujikinga. Muuguzi alisema dawa ile inataka kutangulia, isingoje siku ya harusi. Emérita akatangulia. Sababu nyingine za kutangulia hazimhusu padri.

Shida ilikuwa kichupa. Kilikuwa kichupa kile kile cheupe wanachopewa wagonjwa, na kilikuwa kinalia kama kayamba kila ukikigusa. Mushaki, mtu akipita na sauti ile mfukoni, kabla jua halijazama amekwisha kuzikwa na majirani. Basi Emérita akavimimina vidonge vyake vya buluu ndani ya kopo kuukuu la présure, ile dawa ya kugandisha maziwa ya fromaji, ambayo nayo huuzwa vidonge, akafunika na pamba, akaliweka juu ya rafu ya kibanda chake, nyuma ya kopo jipya. Hakuna mtu aliyekuwa anagusa rafu ile. Wazo zuri sana, kwa mtu asiyeishi na Shangazi.

"Shangazi," alisema sasa, akijitazama mara ya mwisho, "naenda kumpokea Nzanzu na mama yake kule njiani. Maziwa ya asubuhi usiiguse. Ni ya wageni."

"Mimi niguse maziwa ya nini?"

Na hilo lilikuwa neno ambalo Emérita angepaswa kuliogopa.

Fuso lilisimama chini ya kilima, likashusha kwanza mbuzi wawili wa mahari, kisha Mama Wivine, mama yake Nzanzu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye pete nyingi, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za jenereta. Nzanzu akashuka nyuma yake. Macho yake yakamtafuta Emérita juu ya kichwa cha mama yake, wala haikuwa kazi ngumu. Yalipompata yalitulia. Emérita akahisi joto likipanda mpaka masikioni, akajifanya anaangalia mbuzi.

"Njo yeye huyu?" Mama Wivine aliuliza bila kupunguza sauti.

"Njo yeye, Mama."

"Iko mwembamba." Akamshika kiganja, akakigeuza. "Lakini mukono iko ya kazi. Bonjour, mutoto wangu."

"Bonjour, Mama. Karibu kwetu."

Papa Ndayambaje, baba yake Emérita, alikuwa anangoja mlangoni na kofia yake ya Jumapili. Aliwaangalia wale mbuzi kama mtu aliyepewa sahani bila kijiko. Kwao mahari ni ng'ombe. Kwa watu wa Butembo ni mbuzi. Na jambo hili lilikuwa limemuumiza majuma mengi.

"Mbuzi hii," alimwambia Nzanzu kwa heshima, "inakamuliwa?"

"Papa, hii ni ya kuanza. Ng'ombe itakuja."

"Haya. Kuja basi nikuonyeshe ng'ombe inafanana namna gani, usije ukaniletea kitu ingine."

Wakaondoka wawili kuelekea malishoni, Nzanzu akigeuka nyuma kila hatua chache. Emérita akamkaribisha Mama Wivine kwenye kiti, akaenda kuchukua maziwa. Kwa watu wa ng'ombe mgeni haulizwi kama anataka maziwa. Anapewa, anakunywa, ndipo amefika. Kabla ya hapo bado yuko njiani, hata kama amekaa kitini na kuvua viatu.

Lakini Mama Wivine hakuwa mtu wa kukaa kitini. Alikuwa mfanyabiashara, na alitaka kuona fromaji inatoka wapi. Akamfuata.

Ndani ya kibanda, Shangazi alikuwa amesimama juu ya sufuria kubwa na mwiko mkononi, jasho linamtoka. Maziwa yote ya asubuhi yalikuwa humo. Yalikuwa na rangi ya anga kabla ya jua kuchomoza.

"Emérita," alisema bila kugeuka, "maziwa yako wameiroga."

"Shangazi, nilikuambia ni ya wageni."

"Nilitaka bokilo, mukwe wetu, akute fromaji ya leo leo, asiseme hatujui kazi. Nikachukua kopo ya zamani, nisiharibu ile mupya; nikatia kidonge moja, maziwa ikakataa. Nikatia mbili, ikakataa. Nikasema, ah, présure ya siku hizi haina nguvu. Nikamwaga kopo."

Emérita aliona pamba yake sakafuni. Aliona kopo kuukuu limelala ubavu juu ya meza, na kidonge kimoja cha buluu kando yake, kilichosahauliwa. Alinyoosha mkono. Mkono wenye pete ukamtangulia.

Mama Wivine alikipeleka kidonge kwenye mwanga wa mlango, akakigeuza, akakinusa.

"Hii haigandishe maziwa," alisema pole pole. "Mimi nauza dawa tangu huyu Nzanzu hajaota meno. Hii wanapewa wenye virusi. Ni ya nani?"

"Si yangu," Shangazi alisema haraka, ingawa hakuna aliyemtazama.

"Ni yangu, Mama," alisema Emérita.

"Uko mugonjwa."

"Hapana, Mama. Nilipimwa, niko muzima. Hii ni ya kujikinga. Mutu muzima akiimeza kila siku, virusi haiingie."

Mama Wivine alifunga kidonge ndani ya ngumi yake.

"Kujikinga," alisema. "Sawa. Kujikinga na nani?"

Nje, mbali kidogo, ilisikika sauti ya Papa akitaja majina ya ng'ombe mmoja mmoja. Jibu la swali lile lilikuwa kule pamoja naye, linaonyeshwa ng'ombe.

"Emérita," Shangazi alinong'ona, "iko mwanaume mungine?"

"Hapana, Shangazi."

"Sasa kama hakuna mungine, unajikinga na nani? Na ng'ombe?"

Neno moja tu lingemtoa. Jina moja. Angelitaja, aibu ingemhama yeye, ikamkalia Nzanzu, na Mama Wivine angepata habari ile kibandani, kutoka mdomo wa mtu mwingine. Emérita alikumbuka kabini, na maji kwenye kioo, na mtu mzima anayekula fromaji huku analia.

"Mama, hiyo siwezi kukujibu. Lakini mutoto wako sijamudanganya hata siku moja. Uliza yeye kama hanijue."

"Mutu habebe mwavuli mu nyumba," alisema Mama Wivine. "Ukimuona nao, ujue kuna mahali anaenda. Nitamuuliza Nzanzu mu gari, tukirudia. Pamoja na mbuzi zangu."

Shangazi akamkimbilia mlangoni. "Mama, usitoke hivi. Ukunywe hata maziwa." Kisha akaitazama sufuria. "Hapana. Ile usikunywe."

Wanaume walikuwa wanarudi. Mama Wivine alisimama katikati ya uwanja uliofagiliwa vizuri, ngumi yake imefungwa.

"Nzanzu. Pakiza mbuzi."

Nzanzu alisimama. Alimtazama mama yake, kisha ile ngumi, buluu ya kidonge ikichungulia kati ya vidole, kisha Emérita aliyekuwa ameegemea mlango wa kibanda, uso umempauka. Naye Emérita akatikisa kichwa, kidogo sana, hata kuku hawangeona. Usiseme. Niache nibebe mimi.

Nzanzu aliona. Na alipoona akaelewa alikuwa amebebewa nini, na kwa muda gani. Kamba ya mbuzi aliyokuwa ameanza kuishika akaiachia.

"Mama, hiyo dawa anaikunywa juu yangu."

"Juu yako namna gani?"

"Virusi niko nayo mimi."

Papa Ndayambaje alivua kofia yake. Mbuzi mmoja akaanza kula kitenge kilichoanikwa, na hakuna aliyemzuia.

"Tangu lini?" Mama Wivine aliuliza. Sauti ya jenereta ilikuwa imemtoka. Ilibaki sauti ndogo.

"Mbele nimujue Emérita. Mbele hata ninunue Fuso."

"Na dawa?"

"Nakunywa kila siku. Nazichukuliaka Sake."

"Sake." Mama Wivine akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Mimi niko na farmasi, mutoto wangu anaenda kupanga mustari Sake."

"Mama, kwako mutu akiuliza dawa ya minyoo, soko yote inajua mbele hajafika kwake."

Mama Wivine alifungua mdomo, akaufunga. Nzanzu baadaye alisema hajawahi kuona jambo hilo maisha yake yote. Mama akatazama viatu vyake, na chozi moja likashuka, akalifuta kwa mgongo wa ile ngumi. Kisha akamtafuta Emérita kwa macho.

"Na wewe ulijua."

"Aliniambia siku aliniomba. Mbele nimujibu."

"Ukaacha nikutese kule ndani. Ungeacha nirudie Butembo, nikuharibie jina njia yote, Kanyabayonga mpaka Lubero, na usimutaje?"

"Mama, hiyo habari ni ya Nzanzu. Njo yeye alipashwa kukupa. Mimi nilipewa tu kuilinda."

Papa Ndayambaje akakohoa. Alikuwa mtu wa maneno mazito, na alitafuta mahali pa kuyaweka.

"Nzanzu. Mutoto wangu huyu utamuua?"

"Hapana, Papa. Mimi nameza yangu, yeye anameza yake, na muganga wa kituo cha afya anatupima. Njo sababu aliianza."

"Papa," alisema Emérita, "bwana wangu wa kwanza alikuwa muzima kabisa. Radi ikamukuta mu viazi."

Mzee aliwaza. Aliitazama anga, ambayo siku ile ilikuwa safi.

"Ni kweli," alisema mwishoni. "Kwa radi hawajaleta kidonge." Akairudisha kofia kichwani. Kwa waliomjua Papa Ndayambaje, jambo lilikuwa limekwisha.

Ikabaki ngumi ya Mama Wivine. Naye, juu ya ndoo yake, akainua kichwa.

"Nasikia kiu. Nimetoka mbali vile, na hapa hakuna mutu ananipa maziwa?"

Shangazi akajifunika uso na kitenge. "Mama, maziwa yote iko buluu. Hadi tukamue jioni."

"Basi nitangoja jioni." Akavua viatu, akavipanga kando ya ndoo. "Nzanzu, toa ile mbuzi mu kitenge ya watu."

"Na ile ya mu sufuria?" Shangazi aliuliza. "Nipatie nguruwe?"

"Mwaga mu choo. Unataka nguruwe ijikinge na nani?"

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, ndani ya kitenge chake, kisha Mama Wivine, na wakaondoka pamoja kubeba sufuria, wakigombana nani ashike upande mzito.

Nyuma ya Fuso, mahali ambapo watu wa uwanjani hawaoni, Nzanzu alimkuta Emérita akifuta macho.

"Juu ya nini ulinitikisia kichwa?"

"Ulikuwa na mbuzi mu mukono. Sikutaka uniteteye na mbuzi mu mukono."

"Emérita."

"Niko."

"Hakuna mutu amenibebea kitu nzito vile." Akamvuta karibu, paji la uso juu ya paji la uso, na harufu yake ya mawese na barabara ikamfunika. "Nilikuwa naogopa siku hii kuliko njia ya Walikale."

"Na imepita," alisema yeye. "Na matope haikukukamata." Walikaa hivyo muda wa kutosha hata Papa akaanza kukohoa upya, kutoka mbali, kwa adabu.

Jioni ng'ombe wakashuka kutoka kilimani, kengele zao zikilia, ukungu ukiwafuata nyuma. Papa akakamua mwenyewe. Emérita akapokea maziwa yakiwa bado na joto na povu, akajaza kikombe kikubwa cha wageni, akapiga magoti mbele ya Mama Wivine na kukishikilia kwa mikono miwili.

Mama Wivine hakukipokea. Alifungua kwanza ngumi yake. Mchana kutwa alikuwa hajaifungua, na jasho lilikuwa limeyeyusha rangi. Kiganja chake kilikuwa na doa la buluu, na katikati ya doa kidonge kimoja, kizima.

"Hii ya leo hujaimeza," alisema. "Kwanza wewe. Na maziwa ya kwanza."

Emérita akakichukua. Tangu aanze, hakuwahi kumeza isipokuwa amegeukia ukuta. Akakiweka juu ya ulimi, akanywa funda moja, mbele ya baba yake na shangazi yake, mbele ya Nzanzu aliyekuwa hamwondolei macho, na mbele ya mbuzi wawili waliofungwa sasa pamoja na ng'ombe.

"Na ya kesho?" Shangazi aliuliza kwa uchungu wa mtu aliyemwaga kopo.

"Kesho tunashuka Sake asubuhi," alisema Nzanzu. "Tutaeleza muganga. Atatupatia ingine."

"Nitaenda pia," alisema Mama Wivine. "Nitakaa katikati yenu. Niko na maulizo, na huyo muganga atanijibu. Nitauliza na mambo ya watoto."

"Wanaweza kuzaa?" Shangazi alisimama.

"Muganga alisema tunaweza, Shangazi," alisema Emérita. "Na watoto wazima."

Mama Wivine akapokea kikombe kwa mikono miwili, kama alivyoonyeshwa, akanywa bila kupumzika mpaka akaona chini yake. Akafuta povu juu ya mdomo. Akatazama kilima, na nyumba, na mkamwana wake bado amepiga magoti mbele yake.

"Sasa nimefika," alisema.

Na Shangazi Uwimbabazi, bila kutumwa na mtu, akaingia ndani kutafuta kapu lake la uzi.